Barua kwa Akinyi kabla hajarusha Cherokee

Mwanangu Akinyi,

Salamu nyingi kutoka nyumbani. Mama yako hajambo, na wadogo zako wote ni wazima. Tumefurahi sana kusikia kwamba Jumamosi utafanya mazoezi na mwalimu hapa Kisumu, kwa ndege ndogo ya Piper Cherokee 180. Leseni unayo, na umeitolea jasho. Lakini umeipata ndani ya Cessna 172, kwa hiyo mikono yako inaijua Cessna tu. Mimi nimeshika spana chini ya ndege ndogo sehemu kubwa ya maisha yangu. Nivumilie, mama, nikueleze ninayotaka uyashike kabla hujawasha injini.

Nianze na mafuta, maana hapo ndipo moyo wangu ulipo. Cessna ina mabawa juu ya kichwa chako. Mafuta yanashuka yenyewe kwa uzito wake mpaka kwenye injini, na swichi ya matangi unaiacha kwenye alama ya pande zote mbili, basi. Cherokee mabawa yako chini, na mafuta hayapandi mlima yenyewe. Lazima yavutwe na pampu. Moja inaendeshwa na injini. Nyingine ni ya umeme, na hiyo unaiwasha wewe: kabla ya kupaa, kabla ya kutua, na kila unapobadilisha tangi. Halafu ile alama ya pande zote mbili haipo. Kuna kushoto, kuna kulia, na kuna kufunga. Kila tangi linabeba galoni 25 za Kimarekani. Injini itakunywa upande uliouchagua mpaka ukauke, hata kama upande wa pili umejaa pomoni.

Zamani kidogo, wewe ukiwa shule ya msingi, tulitumwa mimi na mwenzangu kwenda kutoa ndege kwenye shamba la miwa upande wa Muhoroni. Injini ilikuwa imemzimikia rubani hewani. Yeye alitoka salama, Mungu ni mwema, ila gurudumu la mbele lilikuwa limekunjika chini ya injini. Nilifungua kifuniko cha tangi la kushoto, nikamulika tochi, nikaona bati kavu. Nikazunguka upande wa kulia, nikafungua. Mafuta ya buluu yalikuwa yamefika shingoni, yanang'aa. Yule bwana alikuwa amezoea ndege ya mabawa ya juu. Mambo yalipoharibika, mkono wake ulifanya yote uliyofundishwa, na kugeuza swichi ya tangi hakukuwa miongoni mwa hayo. Nilisimama pale kwenye bawa nikiwa na kifuniko mkononi, na tangu siku hiyo sijaacha kulisema jambo hili kwa kila rubani kijana aliyenisikiliza.

Swichi yenyewe iko chini, ukutani, karibu na goti lako la kushoto. Mwalimu akikaa kulia haifikii kwa urahisi, kwa hiyo hesabu kwamba ni kazi yako peke yako. Marubani wazee wana njia yao: wanatazama mkono wa dakika kwenye saa. Ukiwa nusu ya kulia ya saa, wanatumia tangi la kulia. Ukivuka kwenda nusu ya kushoto, wanahamia la kushoto. Nakutumia ile saa yangu ya mishale kwa mkono wa binamu yako. Simu haitakufaa kwa hili. Na kabla ya kutua, chagua tangi lenye mafuta mengi zaidi.

Jambo la pili ni kasi. Cherokee nyingi za miaka ya 1960 kipimo chao cha kasi kimeandikwa maili za kawaida kwa saa, wala si zile maili za baharini kwa saa mnazoita noti. Wewe umezoea kushuka kutua na Cessna mshale ukiwa kwenye 65. Ukiuweka mshale wa Cherokee kwenye 65 ya maili, una noti 56 tu, na ndege hiyo ikiwa imebeba uzito wake wote na flapi, yale mabamba ya nyuma ya bawa, zimeshushwa, mabawa yanaacha kuibeba kwenye maili kama 57. Umejiachia nafasi ya maili nane hivi. Ukikata kona kali kidogo pale chini, nafasi hiyo imekwisha. Soma kitabu cha ndege hiyo hiyo, andika kasi zake kwa mkono wako kwenye karatasi, uzikariri.

Bawa lake pia ni fupi na limenyooka, halina uvumilivu wa bawa la Cessna. Ukirudisha nguvu ya injini yote ukiwa bado juu, itazama haraka kuliko unavyotarajia. Flapi hazina swichi ya umeme. Kuna mkono mrefu kati ya viti, unauvuta kama breki ya mkono ya gari. Ukiurudisha, urudishe hatua kwa hatua. Ukiuachia ghafla karibu na ardhi, ndege inakaa chini bila kukuuliza.

Mlango ni mmoja, uko kulia, na una kufuli ya pembeni na nyingine juu. Hiyo ya juu husahaulika. Mlango ukifunguka wakati wa kupaa utasikia kelele na upepo mwingi, lakini ndege itaendelea kuruka. Usiinuke kuushika. Rusha ndege, zunguka, rudi utue.

Sasa Kisumu yenyewe. Uwanja wetu uko karibu mita 1,140 juu ya bahari, na wewe unajua joto la hapa. Likifika nyuzi 30, hewa inakuwa nyepesi, na ndege inajihisi iko zaidi ya futi 6,000, yaani mita 1,800 na kitu. Itachelewa kuacha ardhi, itapanda polepole. Njia ya kurukia ni ndefu, kwa hiyo usiwe na haraka ya kuivuta juu. Wakati wa kutua utaona ardhi inakimbia kuliko mshale unavyosema. Amini mshale.

Mwombe mwalimu muanze asubuhi, ziwa likiwa bado limetulia. Mchana upepo wa ziwani unaingia, na kufikia alasiri mawingu yanajazana juu ya milima ya Nandi, kisha yanateremka huku na radi zake. Umekulia hapa, umeyaona. Ukiona upande wa Nandi umekuwa mweusi, wewe ndiye useme "turudi", hata kama mwalimu hajasema. Na mkubaliane mapema, kwa maneno, nani ameshika ndege wakati gani. Nimeona watu wawili, kila mmoja akidhani mwenzake ndiye anayeirusha.

Ombi langu kubwa ni hili. Ijumaa jioni, ndege ikiwa imeegeshwa, kaa ndani yake peke yako. Funga macho. Gusa swichi ya tangi, ya pampu ya umeme, kishikio cha joto la kabureta kinachozuia barafu, mkono wa flapi, kufuli ya juu ya mlango. Rudia mpaka mkono ufike bila kupapasa. Ukimaliza, toa mafuta kidogo uyaweke kwenye glasi, kutoka kila tangi na kutoka kwenye kichujio, uangalie kama kuna maji chini, hasa kama mvua imenyesha. Jumamosi asubuhi uyaangalie tena. Usikubali mtu akuambie ameshakuangalizia.

Mama yako anauliza kama utakula nyumbani siku hiyo, ameweka samaki, ngege. Mimi nataka unitumie picha ya dashibodi ya ndege hiyo kwa WhatsApp, kipimo cha kasi kionekane vizuri na swichi ya tangi pia, ili Ijumaa usiku tukae kwenye simu tuipitie pamoja.

Baba yako