Kaka, kwenye hoki anza na kikosi

Mambo vipi kaka,

Uliniuliza kwanini mashindano ya hoki, yani mpira wa magongo, yakikaribia mimi nahangaika na majina ya vikosi badala ya kusubiri mechi zianze. Nikasema ntakuandikia, ndo hii sasa, soma taratibu maana nina mengi.

Uwanjani wanaingia 11, hilo unalijua. Ila kwenye hoki sabu hazina kikomo, mtu anatoka, anavuta pumzi dakika chache, anarudi tena, ndo maana unaona wanakimbia vile robo zote 4 za dakika 15. Yani benchi lote linacheza. Sasa Kombe la Dunia kocha anaita watu 18, Olimpiki kawaida anaita 16 tu. Wengi wanaona watu wawili si kitu. Kaka, ni kitu kikubwa sana.

Angalia India pale Paris 2024. Robo fainali na Uingereza, dakika ya 17 tu Amit Rohidas anakula kadi nyekundu, gongo lake lilimpata Will Calnan kichwani. Zimebaki dakika zaidi ya 40 na wako 10 uwanjani! Wakakomaa hivyohivyo mpaka 1-1, wakaenda kwenye matuta, yale ya mtu kubaki na kipa sekunde 8, kipa wao Sreejesh akasimama golini kama ukuta wakashinda 4-2. Nilishangilia mpaka sauti ikakauka. Ila kadi ile ikaja na adhabu ya kukosa mechi moja, na aliyefungiwa haingiziwi mtu, kwahiyo nusu fainali na Ujerumani wakaenda na watu 15.

Sasa hapa ndo inaniuma. Rohidas sio beki wa kujazia namba. Kwenye penalti kona, ile kona maalum wanayopewa washambuliaji kwa faulo ya karibu na goli, yeye ndo wa kwanza kutoka mbio kuzuia. Unajua inavyokua, wanaolinda wako 5 tu pamoja na kipa, wamevaa barakoa usoni, mpira ukisukumwa kutoka mstari wa mwisho wa uwanja, pembeni ya goli, yule wa kwanza anachomoka moja kwa moja kuelekea kwa mpigaji, anajua kabisa mpira unaweza kumjia mwilini kwa kasi ya kilomita 100 kwa saa au zaidi, na bado hakwepi, kazi yake ni kumfungia njia mpigaji asichague upande. Ni moyo tu ule, na watu wa hivyo kocha hana wengi kwenye 16.

Na upande wa pili yupo nani? Gonzalo Peillat, mzee wa dragi fliki, ule mtindo wa kuuburuta mpira na gongo kisha kuurusha golini. Dakika ya 18 akafunga kwa penalti kona, ikawa 1-1. Ujerumani wakashinda 3-2. Sisemi Rohidas angezuia, ila ningetamani sana kuona akichomoka pale.

Huyo Peillat nae historia yake ni ya vikosi mwanzo mwisho. Rio 2016 alikua na Argentina, nusu fainali akawapiga haohao Wajerumani goli 3, wakachukua dhahabu. Baadae akahamia Ujerumani, na Kombe la Dunia 2023 kule India nusu fainali akawafunga Australia 3 wakashinda 4-3, fainali akafunga tena dhidi ya Ubelgiji, wakabeba kombe kwa matuta. Jina moja tu kwenye list, na taifa linabadilika.

Halafu wale wa akiba, kaka, hao ndo nawaangaliaga kwanza. Simranjeet Singh wa India alikua wa akiba Olimpiki ya Tokyo, nje ya wale 16. Kwa sababu ya corona wakaruhusu vikosi viwe 18, akaingia. Mechi ya shaba na Ujerumani akafunga mawili, India 5-4, medali yao ya kwanza ya hoki Olimpiki tangu 1980! Ingebaki 16 kama zamani asingekuepo hata kwenye benchi.

Ndo maana nasema Olimpiki ingebaki na 18 moja kwa moja. Kombe la Dunia 2023 Hardik Singh aliumia katikati ya mashindano, Rajkumar Pal akaitwa kutoka akiba, na India bado walitolewa na New Zealand, sawa, lakini angalau walipigana na kikosi kamili.

Kombe la Dunia la 2026 ni Uholanzi na Ubelgiji. Vikosi vikitoka ntakutumia, we angalia kwanza nani anapiga penalti kona, nani anatoka mbio kuzuia, na kipa wa pili ni nani. Halafu nipigie tuongee, usinitumie meseji ya maneno mawili.

Wako,
Kaka yako wa magongo