Dawa ile itakutoka lini

Rafiki yangu mpendwa,

Salamu nyingi. Barua yako nimeipata, na kilichoniumiza ni kusikia kwamba tangu upigwe picha za moyo unaogopa mionzi ya dawa uliyodungwa, unalala chumba cha peke yako na humruhusu mtoto akusogelee. Wiki nzima imeshapita! Mkumbatie mwanao. Nitakueleza kwa nini nasema hivyo bila wasiwasi.

Unasema karatasi yako imeandikwa teknesiamu-99m na sestamibi. Inayotoa mionzi ni teknesiamu, sestamibi ni ya kuibeba hadi moyoni, na kila baada ya saa 6 mionzi yake hupungua kwa nusu. Siku moja ikiisha imebaki sehemu 1 kati ya 16. Siku mbili, sehemu 1 kati ya 256. Wiki ikitimia, imebaki chini ya sehemu 1 kati ya milioni 250. Na hapo nimehesabu kana kwamba dawa yote ilibaki ndani yako, jambo ambalo halitokei, kwa sababu mwili nao huwa unaitoa muda wote huo.

Inavyotoka ndiko kunakonivutia zaidi. Sestamibi ina chaji chanya, na mitokondria (viwanda vidogo vya nishati) za seli za moyo zina chaji hasi ndani yake, basi dawa huvutwa ikanaswa humo. Lakini moyo hupata asilimia 1 au 2 hivi tu ya kilichodungwa. Nyingine husambaa kwenye misuli, figo na hasa ini. Ini huisukuma pamoja na nyongo hadi kwenye utumbo, na takriban theluthi ya dawa hutoka na choo ndani ya siku mbili. Robo hivi hutoka kwa mkojo siku ya kwanza. Ndiyo maana walikuhimiza unywe maji na uende haja ndogo mara kwa mara: maji hayaharakishi kufifia kwa mionzi, ila yanakipunguzia kibofu muda wa kukaa na dawa.

Ulilalamika pia kwamba walikudunga kisha wakakuacha ukingoja. Walikuwa wakilisubiri ini liisukume dawa nje. Limepakana na upande wa chini wa moyo, na likiwa bado linang'aa huivuruga picha ya upande huo.

Yule aliyekutisha kwamba mionzi hukaa mwilini mwezi mzima hakusema uongo, ila huenda yeye alipewa thaliamu-201, dawa nyingine ya picha za moyo. Hiyo huchukua saa 73 kupungua nusu, na mwili huichukulia kama potasiamu, hivyo figo huiachia polepole. Mtu aliyepewa hiyo anaweza kuliza kengele za vifaa vya kugundua mionzi mipakani na viwanja vya ndege hata wiki kadhaa baadaye, na ni vyema asafiri na barua ya hospitali. Vifaa hivyo vimetengenezwa viwe vyepesi kunusa mionzi kidogo sana. Kulia kwake si dalili kwamba mtu ni hatari kwa walio karibu naye. Kwa upande mwingine kuna rubidiamu-82, nayo ya picha za moyo, ambayo hupungua nusu kwa dakika moja na robo tu. Kwa hiyo usikubali tena ushauri wa mtu kabla hujamuuliza alidungwa dawa gani.

Ukienda kuchukua majibu, mwombe daktari akuonyeshe picha za baada ya mazoezi na zile za kupumzika zimetofautiana wapi. Niandikie mara moja, maana moyo wako ndio unaonihangaisha.

Wako akupendaye.