Risasi za bata: chuma, geji 12

Ndugu Mhariri,

Msomaji wenu aliyeko huku Marekani aliuliza anunue risasi gani za kuwindia bata. Marisau (vile vipira vidogo vinavyojazwa ndani ya ganda) ya madini ya risasi asiyaguse: kwa ndege wa majini yamepigwa marufuku nchi nzima tangu 1991, maana bata waliyameza kama changarawe wakafa kwa sumu. Achukue ya chuma. Chuma ni chepesi, basi apande namba mbili kwa ukubwa. Namba ikipungua, kipira ni kikubwa zaidi: aliyezoea namba 4 anunue namba 2.

Mimi hubeba bunduki ya geji 12 (geji ni kipimo cha upana wa mtutu; namba ikipungua, mtutu ni mpana zaidi), ganda la urefu wa inchi 3. Geji 20 ni nyepesi mkononi, ila bata wawe karibu. Geji 10, kwa teke lake begani, nawaachia wenye mabega ya punda! Na bunduki kuukuu ya urithi asiipakie chuma kabla fundi hajaukagua mtutu.

Mwindaji,
Duluth, Minnesota