Shukrani kwa wote waliosimama na mama yetu

Assalamu alaikum ndugu, jamaa na majirani wa Kisauni, Majengo na Likoni.

Juzi asubuhi mama alikula hamri zima kwa mbaazi. Alilitafuna taratibu, likateremka, akatutazama sote tuliomkodolea macho, akasema, "Limepita." Ndipo tukasema leo tuandike.

Mliochanga bila kuuliza mna haki ya kujua. Kiungulia cha miaka kilimchoma mama sehemu ya chini ya umio, ile njia ya chakula, karibu na tumbo, pakaota kovu na njia ikabana. Mwanzo ulikwama wali mkavu na nyama, mwisho hata uji ukawa wasimama kifuani. Alituficha kwa kushushia kila tonge kwa maji, nasi tukidhani ni kiu. Kanga zake zikawa zamzunguka mara mbili.

Jirani yetu wa mlango wa pili, wewe ndiwe uliyeona. Ulituita uani ukatwambia, "Mama yenu hali, tonge zake awapa paka." Mungu akulipe, maana sisi tuliokula naye sinia moja hatukuona.

Madaktari walimpitisha kamera kooni, wakachukua kinyama cha kupima. Siku za kungoja lile jibu, jamaa wa Likoni mlivuka feri kila jioni mkaja kukaa nasi tu. Jibu likaja: si saratani. Alhamdulillah! Wakaipanua njia kwa puto, mara mbili hadi sasa. Wauguzi mliomshika mkono, ahsanteni sana.

Shukrani kwa kina mama wa chama, vijana wa tuktuk mliokataa nauli, imamu na waumini, na majirani zetu Wakristo mliomwombea kanisani. Nawe uliyetuma shilingi 50 ukaandika "nisameheni, ndizo nilizo nazo", mama alitaka ujumbe wako asomewe mara mbili.

Stakabadhi zote ziko kwa ami, karibuni mzione. Kilichobaki hatukigusi, kwani daktari ametueleza kovu laweza kubana tena, na dawa ya kupunguza asidi bado yu nayo kila siku. Mkimletea chakula cha usiku, tafadhali kije mapema, akishakula hukaa muda wa saa mbili au tatu ndipo alale. Mwenyewe awaomba wenzake: chakula kikianza kukukwama kifuani, usifiche kama alivyoficha yeye, nenda ukapimwe.

Na lile bakuli la samawati lililokuja na uji wa mchele bado liko kwetu. Mwenyewe aje alichukue. Mama asema halirudi tupu.