YAH: MALALAMIKO KUHUSU BEJI ZANGU ZA SKAUTI MLIZOZIKATA, MLIZOZIFUA NA MLIZOZIPIGA PASI

Ndugu Meneja,

Natumaini u mzima wa afya. Mimi siwezi kusema hivyo, na sababu mnaijua, kwa kuwa barua pepe yangu ya kwanza mliijibu kwa sentensi moja: "Tunashukuru kwa maoni yako." Sikutoa maoni. Nilileta beji ziwekwe kwenye fremu, nikarudishiwa matambara.

Habari za fomu, risiti na masharti yenu sizirudii. Mliyaandika wenyewe, na yamebandikwa ukutani juu ya kichwa cha kijana aliyenihudumia, hasa lile linalosema kitu cha mteja hakikatwi, hakifuliwi wala hakigundishwi bila saini yake. Saini yangu iko mahali pamoja tu, kwenye mstari wa malipo ya awali. Itafuteni pengine kama mtaiona.

Nianze na ile ya mraba, beji ya mtumbwi. Skauti wa Marekani walikuwa na beji 57 za ustadi, zile anazopewa skauti akishamudu stadi fulani, mwaka 1911. Ya mtumbwi haikuwamo, iliongezwa 1927. Mpaka 1933 beji hizo zilitariziwa juu ya kipande cha kitambaa cha kaki cha mraba, na 1934 ndipo zilipoanza kutoka kiwandani zikiwa za duara, pindo limeshakunjwa. Kwa hiyo beji ya mtumbwi yenye kitambaa cha mraba ilitolewa miaka michache tu. Na wavulana wa enzi hizo hawakuzihifadhi kwa ajili yetu: walizikata pembe, wakakunja kingo kwa ndani, wakazishona kwenye sare. Iliyobaki na pembe zake zote nne, isiyoguswa na sindano, hutafutwa kwa tochi. Niliitafuta miaka mingi. Nilipoileta kwenu ilikuwa na pembe nne. Nilimwonyesha kijana wenu pembe hizo moja baada ya nyingine kwa ncha ya kalamu, nikamwambia thamani ya beji hii iko hapa, hapa, hapa na hapa. Akatikisa kichwa kama mtu aliyeelewa.

Siku ya kuchukua nilikuta duara. Duara safi kabisa, limekatwa kwa mkasi mkali kwa kufuata mzingo wa tarizi, halafu limegundishwa kwenye kadibodi. Nilipouliza pembe ziko wapi, kijana akasema, bila kuinua macho kutoka kwenye simu yake: "Mzee, zilikuwa na vinyuzinyuzi. Nimekusaidia." Nikasema nazitaka pembe zangu. Akasukuma pipa la taka kwa mguu hadi karibu na viatu vyangu. "Zimo humo. Tafuta."

Nikapiga magoti. Mbele ya wateja wenu.

Nitalirudia jambo hili mbele, kwa sababu naona bado hamjalielewa. Kwanza nimalize orodha ya uharibifu, maana beji ya mraba haikuwa peke yake.

Ya pili ni beji ya mtumbwi niliyoipata mwenyewe. Sikuinunua kwa mkusanyaji yeyote, niliivujia jasho. Kabla hata hujaruhusiwa kugusa kafi, unajitosa kwenye maji yanayokupita kimo, unaogelea yadi 75 kwa nguvu, yadi 25 nyingine chali kwa mtindo wa kujipumzisha, kisha unaelea bila kujitikisa. Hapo ndipo kazi inapoanza. Unajifunza kwamba ukipiga kafi upande mmoja tu, omo, yaani ncha ya mbele ya mtumbwi, itakimbilia upande wa pili, na kwamba dawa yake ni kuigeuza kafi mwisho wa pigo, kidole gumba kikielekea chini, ukausukuma ubapa wake nje kidogo, na mtumbwi unanyooka. Kidogo tu. Ukizidisha, unasimamisha mwendo. Mikono yangu iliota malengelenge kabla haijakielewa kile "kidogo". Unajifunza pia kumwokoa mwenzako aliyepinduka: unaukamata mtumbwi wake ukiwa juu chini, unauvuta ukate juu ya ubavu wa mtumbwi wako kama msalaba, maji yanamwagika, unaugeuza, unauteremsha, unaushika imara mpaka mwenyewe apande tena. Ukiyafanya yote hayo mbele ya mshauri wa beji, yule mtu mzima anayekupima, anatia saini kwenye kadi ya buluu yenye vipande vitatu: kimoja chake, kimoja cha kikosi, kimoja cha kwako.

Kipande changu cha kadi ya buluu nilikileta pamoja na beji. Kiko wapi? Kwenye fremu hakimo, kwenye bahasha hakimo. Kijana wenu anasema "karatasi hatukupokea", ilhali kwenye risiti yenu, mstari wa pili, kwa mwandiko wake yeye, imeandikwa "beji 3 + kadi". Nimeambatisha nakala. Someni mwandiko wa mtu wenu.

Na beji yenyewe ni ya aina yenye mgongo wa plastiki, ambayo ilianza mwanzoni mwa miaka ya 1970. Mgongo wa plastiki na pasi ya moto! Hata mtoto anayejifunza kunyoosha sare ya shule anajua. Plastiki imeyeyuka, imevuja kati ya nyuzi, na tarizi imelala upande kama nyasi zilizokanyagwa. Ukiipapasa kwa kidole unahisi vinundu.

Ya tatu, ya kaki yenye pindo jembamba, hamkuikata wala hamkuichoma. Hiyo mliifua. Najua mliifua kwa sababu ilinukia sabuni ya maua, na nilipofika nyumbani nikazima taa na kuimulika kwa taa ya urujuanimno, ikang'aa samawati kama tangazo la barabarani. Ninyi watu wa kuhifadhi vitambaa vya kale mnafahamu, au mnapaswa kufahamu, kwamba sabuni za kisasa zina kemikali za kung'arisha ambazo hubaki kwenye uzi wa pamba. Mkusanyaji yeyote makini huimulika beji kuukuu kabla ya kuinunua, na ikiwaka hushuku kwamba ni ya bandia, ya uzi wa kisasa. Sasa nina beji halisi ambayo kila atakayeimulika ataniona tapeli. Hilo mtalilipia vipi?

Halafu mkanipa kayaki.

Ndiyo. Nilipolalamika kwa msimamizi wenu wa zamu, aliingia chumba cha nyuma akarudi na beji mpya kabisa ya kayaki, akaiweka juu ya kaunta, akasema, "Chukua hii badala yake, si ni mtumbwi vilevile?" Ndugu Meneja, beji ya kayaki imeanzishwa mwaka 2012. Kayaki huendeshwa kwa kafi yenye ubapa pande zote mbili, miguu imenyooshwa mbele. Mtumbwi una kafi ya ubapa mmoja, na mara nyingi unapiga magoti ndani yake. Anayefikiri ni kitu kimoja asiajiriwe mahali panapopokea mali za wakusanyaji. Niliiacha palepale juu ya kaunta, na kama ipo bado mpeni msimamizi huyo aivae.

Sasa narudi kwenye pipa.

Nimeshapiga magoti kwenye mtumbwi saa nyingi, mvua ikininyeshea, na sikuona aibu. Siku ile duka lilikuwa limejaa. Nyuma yangu palikuwa na mama mmoja na binti yake wakisubiri picha ya harusi. Mimi, mtu wa umri wangu, na kijana mwenye umri wa mwanangu wa mwisho, na akili zake timamu, anasukuma pipa kwa kiatu. Hakulishika kwa mkono. Kwa kiatu! Hakuniambia "samahani mzee, ngoja nikutafutie". Nikatia mkono. Mlikuwa na maganda ya ndizi mle, Ndugu Meneja, na karatasi zenye gundi ambayo haijakauka. Nilizipata pembe mbili. Moja ilikuwa imeshikana na gundi hiyo na haikubanduka bila kuchanika. Nilipoinua uso kuuliza kama kuna pipa jingine, kijana wenu alikuwa ananielekezea simu yake. Sikuuliza kama alikuwa anapiga picha. Nilimsikia akicheka na mtu aliyekuwa chumba cha nyuma, akisema: "Mzee analilia kitambaa." Yule mama ndiye aliyenishikia mfuko nilipokuwa nainuka, akanipa kitambaa chake cha mkononi nijifute gundi. Mteja wenu alinihudumia. Ninyi hamkunihudumia.

Msimamizi alikuwepo. Alisimama mlangoni, akayaona yote, na neno lake la kwanza lilikuwa kuniuliza kama nitalipa salio kwa kadi au taslimu.

Mnaweza kusema, kama msimamizi alivyosema, kwamba skauti wenyewe wa zamani walizikata beji zao, kwa hiyo mmefanya walichofanya wao. Walizikata za kwao. Hii ni yangu.

Nilipoanza kuandika barua hii nilikusudia kuomba mambo mawili tu: barua ya kuniomba radhi na kurudishiwa malipo ya awali. Bado nayataka. Lakini kadiri ninavyoandika naona hayatoshi, kwa hiyo andikeni na haya.

Nataka pembe mbili zilizobaki. Kama taka zimeshabebwa, nataka maelezo kwa maandishi ni nani aliyeruhusu mali ya mteja itupwe. Nataka kipande changu cha kadi ya buluu, na hapo sitakubali nakala, kwa sababu saini ya mshauri wangu iko kwenye ile moja tu na yeye ameshafariki. Nataka beji zote tatu zithaminiwe na mtu asiye na uhusiano nanyi, nitakayemchagua mimi, kwa gharama yenu, na mnilipe tofauti kati ya zilivyokuwa na zilivyo. Picha za kabla ninazo, mbele na nyuma, zenye rula pembeni. Sisi wakusanyaji hatutoi kitu mkononi bila kukipiga picha. Na kama kijana wenu alinipiga picha au video nikiwa kwenye pipa, nataka ifutwe, na nataka thibitisho la maandishi kwamba haikutumwa popote.

Mna siku 14 tangu mpokee barua hii. Siku ya 15 nitafungua madai mahakamani, na picha hizo, risiti hiyo na jibu lenu la "tunashukuru kwa maoni yako" vitakuwa vielelezo. Siku hiyohiyo nitawaandikia wakusanyaji wote wa beji ninaobadilishana nao, na ni wengi kuliko mnavyodhani, kuwaeleza nilichofanyiwa na wapi. Sitatia chumvi hata chembe.

Yule kijana naye, sikuwa na nia ya kudai afukuzwe kazi. Nimebadili mawazo nilipofika kwenye maganda ya ndizi. Akibaki, basi asishike mkasi tena, na msimamizi wake asisimamie mtu.

Msinipigie simu. Nijibuni kwa maandishi, yenye jina na cheo cha anayejibu.

Wenu,

Mteja mwenye risiti ya beji 3 na kadi

Viambatisho: nakala ya risiti, picha za kabla na baada, pembe moja ya kaki, kwenye bahasha ya plastiki, picha tu. Yenyewe haitoki kwangu tena.