Samaki changu hakuna leo, lakini usikate simu kwanza

Asubuhi simu ya kwanza huwa ya mama mmoja wa Nyali, "mna changu?" nikimwambia hakuna anyamaza kama vile nimewaficha uvunguni. Jamani hatufichi! Sisi twachukua kwa wavuvi wa Likoni na Mtwapa, wakija na kolekole twauza kolekole, wakirudi mikono mitupu twabaki kuuza barafu.

Sasa mwauliza mbona siku hizi hata kaskazi bahari ikiwa shwari changu wa shida. Bahari yapata moto. Samaki mwili wake wafuata joto la maji, maji yakipanda joto yeye ataka hewa zaidi na hayo maji yenyewe hewa yazidi kupungua, soda ikipata jua si gesi yatoka yote? ndo hivo hivo. Basi ashuka chini kwenye baridi ama ahama kwenda mbali na ikweta. Kule Ulaya samaki waitwao makreli walisogea mpaka Iceland, toka kama 2007 wakawa wavuliwa kwa wingi na nchi zikagombana juu yao. Wenzetu angalau wapata wageni, sisi tuko hapa hapa chini ya ikweta, wa kwetu wakienda hakuna wa kutoka kwenye joto zaidi aje kuziba pengo.

Na changu na pono ni wa mwambani, hawana mbio za jodari. Nyumba yao ni matumbawe, na joto la El Niño la 1998 matumbawe mengi ya pwani yetu yaligeuka meupe yakafa, 2016 yakageuka tena, 2024 tena. Mwaka ule wa 1998 jodari nao walisogea mpaka meli kubwa za nyavu zikawafuata mashariki ya Bahari ya Hindi, sasa mzee wa ngalawa na mshipi wake atawafuata na nini? Kwenda maji makuu ni injini, petroli na barafu ya kutosha, na hiyo yote yaingia kwenye kilo yako.

Lakini nisidanganye, si kila kitu ni joto. Kusi likivuma hakuna atokae, na kuna nyavu za matundu madogo zinazobeba mpaka watoto wa samaki, hilo twalijua sote.

Kwa hivyo tumebadilisha oda. Usinitajie samaki, nambie wapika nini. Wa kupaka ntakutafutia kolekole ukikosa changu, na wallahi akiwekewa nazi nzito na ndimu wageni hawaulizi jina. Wa kukaanga tafi, mchuzi jodari au nguru wa vipande. Bei ntakutumia wasapu asubuhi boti zikishafika, ukikubali twapara magamba na kutoa matumbo bure kisha boda akuletee, usipokubali hakuna ubaya. Ukitaka changu lazima, jina lako laandikwa, wakipatikana nakupigia wa kwanza. Mama wa Nyali yuko namba moja.