YAH: Kutozwa pesa kwa tamthilia iliyokwama mlangoni

Majengo, Moshi
Juni 9, 2025

Meneja, Huduma kwa Wateja

Ndugu Meneja,

Huu ni mwaka wa tatu natazama filamu na tamthilia kwenu mtandaoni, nalipia kwa simu kila mwezi na sijawahi kuchelewa. Aprili nilikatwa shilingi 15,000 badala ya 10,000. Ujumbe ulifika pesa ikiwa imeshakwenda, ukisema sasa mnatengeneza tamthilia zenu wenyewe.

Kutengeneza vya kwenu sipingi. Biashara hii naifahamu, miaka ile nilikuwa na kibanda Kiboriloni, nakodisha kanda za VHS na baadaye CD. Anayekodi mali ya mtu halali usingizi. Mkataba ukiisha mwenye filamu anaichukua, na siku hizi anaifungulia huduma yake mwenyewe, kama Disney walivyofanya mwaka 2019. Netflix, wale Wamarekani wa filamu za mtandaoni, waliliona hilo mapema. Walianza kwa kukodisha DVD kwa posta, mwaka 2007 wakaingia kwenye intaneti, na Februari 1, 2013 wakaachia House of Cards, tamthilia waliyoilipia wenyewe. Sehemu zote 13 kwa siku moja! Aliyelipa mwezi ule aliipata kazi nzima.

Ninyi ya kwenu mmeachia sehemu nne. Ya nne inaisha bibi amesimama mlangoni kwa mwanawe, ameshika sale, jani letu Wachaga la kuombea msamaha, anabisha. Hiyo ilikuwa Aprili 20. Hadi leo mlango haujafunguliwa, na mimi nimeulipia Mei, nikaulipia na Juni.

Nilipiga simu kwenu. Kijana akaniambia, "Mama, jaribu kuzima simu halafu uwashe." Nikazima, nikawasha. Bibi yuko pale pale.

Hapo kwenye sale nawapongeza, mmepatia. Mchaga akiletewa sale ni mzigo mzito, hawezi tu kugeuza shingo, ndiyo maana nataka kujua kijana atafanya nini. Lakini mbege, pombe yetu Wachaga! Sehemu ya pili, wazee wamekaa kikao cha mahari wanakunywa mbege kwa glasi za mvinyo, nyeupe kama maziwa. Mbege ni ndizi mbivu na ulezi, itakuwaje nyeupe? Na kwenye kikao kama kile wazee hunywa kwa kata. Mlikuja kupiga picha huku huku Marangu, mlishindwa nini kumuuliza hata dereva wa bodaboda aliyewabebea vyombo?

Kinachoniuma zaidi ni filamu za zamani za Kiswahili mlizoziondoa kimya kimya. Mama yangu ana miaka 81, maandishi ya chini hayaoni. Jioni alikuwa anamenya ndizi za mtori huku anatazama, anacheka peke yake. Sasa nikifungua, kabla sijachagua kitu, kionjo cha tamthilia yenu kinaanza kucheza chenyewe, na bando linaliwa nikiwa natafuta pa kukizima. Kwenye kibanda changu, kanda ikikosekana nilimwambia mteja haipo, imeharibika au mwenyewe ameichukua. Sikumbandikia nyingine mkononi nikamtoza zaidi.

Naomba mnijibu kwa maandishi sehemu ya tano inatoka tarehe ngapi. Mnirudishie nyongeza ya miezi mitatu, shilingi 15,000, kwa sababu hamkunitaarifu kabla ya kukata. Filamu za mama kama mikataba imeisha, semeni imeisha, nitamweleza. Na hicho kionjo wekeni mahali pa kukizima panapoonekana na mtu mwenye miwani.

Nawapa siku kumi na nne. Zikipita bila jibu, nalipeleka suala hili Tume ya Ushindani pamoja na risiti zangu zote za malipo, ninazo.

Wenu,
Mteja wa Majengo